Tembo wa Shemeji

…la kushoto, mama anasema, bega la kushoto, mwanangu, mbona kimya, na mimi nimesimama nyuma ya mgongo wa huyu mtu, futi mkononi, ncha moja nimeibana kwa kidole gumba pale mfupa wa shingo unapochomoza, ncha nyingine inaning'inia hewani, haijafika popote, kwa sababu bega la kulia nimeshalitaja na mama amesharudia, hiyo ndiyo kazi yetu ya urithi, mpimaji anataja, mkataji anarudia, na kilichotajwa kikarudiwa ndicho kitakachokatwa, hata kama baadaye mwenye nguo atalia machozi, mama alinifundisha hivyo tangu enzi mkasi ukiwa mzito kuliko mkono wangu, usiandike, alikuwa akisema, karatasi hupotea, taja nami nitarudia, na sasa macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, haoni uzi wala sindano, lakini vipimo vya mtaa mzima bado vimo kichwani mwake, muulize kiuno cha marehemu mwalimu mkuu atakutajia, muulize bega la kushoto la mwanawe wa kwanza… hapana, hilo usimuulize, hilo ndilo analoniuliza yeye, amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, uso ameuelekeza kwangu, na macho yale meupe hayapepesi.

Shemeji anakohoa. Kikohozi hicho nakijua, si cha kifua, ni cha kunikumbusha, sema, dada, leo ndiyo leo, maana tulikubaliana jikoni, yeye na mkewe ambaye ni mdogo wangu wa mwisho, kwamba koti hili lisishonwe kabla neno halijasemwa, kwa kuwa koti ni la Jumamosi, na Jumamosi mama amewaita ndugu wote, baba wakubwa, shangazi, wote, waje wamwone mtoto aliyerudi, atakalishwa kwenye kiti cha marehemu baba, mpiga picha ataitwa, picha itatundikwa pale ukutani, na kitu kikishatundikwa ukutani kwa watu wetu hakuna mwenye mkono wa kukishusha, na nani wa kusema, shemeji hakumjua kaka, alioa juzi tu, mdogo wangu alikuwa mtoto wa kuchezea vibanda vya mchanga kaka alipoondoka, kwa hiyo ni mimi, wewe ndiye uliyemshonea nguo, walisema, wewe ndiye unayemjua, sema tu, kama ni yeye ni yeye, kama siye siye. Rahisi hivyo. Shemeji anafundisha chuoni, mtu mwema, sina ugomvi naye, ila hawezi kusema jambo mpaka alipitishe kwanza kwenye Kiingereza, na siku ile jikoni alivuta mlango, akashusha sauti, akasema Waingereza wana msemo wao wa hali kama hii yetu, wa kawaida kabisa, hata watoto wanautumia, akausema, akaona tumemkodolea macho, akaufasiri, kuna tembo sebuleni. Mdogo wangu akamuuliza tembo yupi, wa kunywa au wa porini, mimi nikacheka, shemeji hakucheka, akasema wa porini, mkubwa, amesimama katikati ya sebule, kila mtu anamwona, kila mtu anamzunguka kwenda kuchukua kikombe chake, na hakuna hata mmoja anayesema jamani, si kuna tembo hapa. Akamaliza maji yake akaweka glasi. Alidhani ametupa msemo, msomi wa watu, hakujua amemfungulia mnyama mlango, maana tangu siku hiyo mimi namwona.

Namwona kwa namna tunavyotembea. Zamani sikuwahi kujiuliza kwa nini mdogo wangu akimpelekea mama chai hukata kona katikati ya sebule pasipo na kitu, akapita ubavu kwa ubavu na ukuta, sahani kifuani, kama anampisha mtu, na mimi nikajikuta napita vilevile, na meza ndogo imesogea, hakuna aliyeisogeza, niliwauliza kwa mzaha, jamani meza imeota miguu, kila mtu si mimi, si mimi, na pazia la dirisha la nyuma limetuna kwa ndani hata siku ambayo nje jani halitikisiki, na kuna pumzi, naapa kuna pumzi, nzito, ya polepole, mwanzo nilidhani mama amesinzia, nikamtazama, yu macho, nikadhani ni ya huyu mtu, nikamsikiliza, lakini yeye hupumua kidogokidogo, kwa adabu, kama mtu aliye nyumba ya watu, basi ile nyingine ni ya nani… na harufu, ee Mungu wangu, harufu ya tope, tope bichi la mtoni, nimefagia, nimepiga deki, nimemwaga sabuni hadi mama akapiga chafya, shemeji akasema ni mfereji wa nje umeziba, na huyu mtu akatoka bila kuombwa, akapiga magoti, akauzibua kwa mikono yake, maji yakapita vizuri kabisa, harufu ikabaki palepale, inanijia hata sasa, nyuma ya kiti cha marehemu baba, pale penye kivuli, na msemo wa Waingereza haukusema lolote kuhusu tembo wao kunuka mto.

Nyoosha mgongo kidogo, namwambia, ili nipate la kusema, naye ananyoosha, mtiifu, haulizi wala habishi, mwanamume mzima amesimama katikati ya sebule yetu amevaa fulana, mikono kando, anasubiri vidole vyangu. Alikuja mchana kweupe. Nilikuwa kwenye cherehani pale pembeni namalizia pindo la sketi ya shule, akapiga hodi, begi moja mgongoni, akauliza kama hapa ndipo kwa mama fundi, na kabla sijafungua mdomo mama ameshasimama, mama ambaye ilikuwa humsimamishi mpaka umshike kwapa, mama ambaye chakula alikuwa anakigusa kwa ncha ya ulimi na kusema ameshiba, amesimama, amekwenda mlangoni anapapasa ukuta, akainua mikono yake miwili akaiweka juu ya mabega ya yule mtu, akaiacha pale, muda mrefu, mimi mguu wangu umesahau pedali, mlangoni jua linawaka nyuma ya kichwa chake hata sura siioni, kisha mama akasema, "Umerudi." Yule mtu akanitazama mimi, akamtazama mama, yale macho meupe, akatua begi chini, akasema, "Nimerudi."

Na mimi nililia, sifichi, nilitoka mbio hadi kwa jirani nikalia kwa furaha nikampaka machozi nguo yake, niliamini, kwa nini nisiamini, miaka inabadilisha sura, jua linababua, ndevu zinaficha, na urefu ni uleule, na sauti, tuseme, ni sauti ya mwanamume, nani anakumbuka sauti barabara, unakumbuka maneno tu. Halafu vitu vikaanza kuja kimoja kimoja, vidogo, vya kukufanya ucheke kwanza ndipo nywele zisimame. Alijua mahali pa kutundika kofia nyuma ya mlango, msumari ambao hauonekani. Aliruka kigae kilicholegea cha ukumbini bila kukitazama. Asubuhi moja ananiita jikoni, Kifungo, njoo uonje chumvi, Kifungo, jina ambalo kaka alinipa nilipomeza kifungo cha koti la mteja na mama akanifuata nyuma siku mbili na kopo, jina ambalo hakuna mtu duniani aliyekuwa amebaki wa kuniita, nikashika ukingo wa meza, nikasema naam, na moyoni nikasema ni yeye, ni yeye, ishia hapo. Lakini tukisimulia mambo ya zamani sebuleni yeye hucheka kabla, hilo ndilo lililonianza, hucheka kabla kisa hakijafika penye kuchekesha, sekunde moja mbele yetu, kama mtu aliyekariri, na mtu aliyekuwepo kwenye kisa hachekagi hivyo, aliyekuwepo husahau, hubisha, husema hapana, haikuwa hivyo, ni wewe uliyeangusha sufuria… kaka alikuwa mbishi, angebishana na saa ya ukutani. Huyu habishi. Na paka wetu, ambaye humlalia kila mgeni, akimwona huyu husimama, halafu hamtazami yeye, hutazama nyuma ya kiti cha baba.

Halafu nikamwona bombani, mgongo wazi, anajimwagia maji. Mabega yamenyooka kama rula.

"Dada," mdogo wangu ananong'ona, "vipi, futi imekatika?" Anajaribu kutania, maskini, amekalia ukingo wa kochi na vidole vyake anavivunja kimoja kimoja, na shemeji kamshika goti ili atulie, na hawa wawili hawajui, wanashuku tu, shemeji anashuku masikio, ameyalinganisha na ya kwenye picha ya zamani, eti masikio hayazeeki, hawajui habari za bega, kwa sababu habari za bega tulizijua watatu tu, mama, mimi na mwenye bega. Alianguka kutoka paa la jiko la nje, mvulana wa miaka kumi na kitu, alifuata mpira, akaangukia mikononi mwa mganga wa mifupa aliyekuwa na haraka, mfupa ukaunga vibaya, bega la kushoto likabaki chini, kidole kimoja chini ya lenzake, kidole cha mama, cha shahada, na wenzake shuleni wakaanza kumwita Mizani, akawa haendi shule, amejifunika shuka, hasemi, ndipo mama akatufungia mlango sisi watatu na taa na kitambaa, akamshonea shati ambalo bega la kushoto lina pamba ndani, limeinuliwa kwa hila, mkato unateremka huku, unapanda kule, ukimvalisha yuko sawa kama askari wa gwaride, na akatuapisha, hili halitoki humu, na halikutoka, mdogo wangu hakuwa amezaliwa hata, marehemu baba na wa shuleni waliambiwa limepona, na kaka hakuvua shati mbele ya mtu tena mpaka siku aliyoondoka, mimi ndiye niliyekuwa nampima mwishomwisho, macho ya mama yalipoanza kuchoka, naweka kidole changu pale, nataja, kidole kimoja chini, mama, na mama anarudia, kidole kimoja chini, na kaka anasema na nyinyi mkikosea nitatembea upande upande kama kaa, tunacheka.

Basi huyu hana pamba begani. Huyu Mungu alimpima kwa rula. Na mama aliweka mikono yake mlangoni juu ya mabega haya, yote mawili, na mikono ya mama… hapo ndipo akili yangu imekuwa ikifika na kugeuka, kama punda kwenye daraja, miezi yote hii, inafika pale mlangoni, inaona ile mikono, inageuka, nikajiambia mama amezeeka, nikajiambia furaha ilimpofusha kuliko mtoto wa jicho, nikajiambia funika kombe mwanaharamu apite, ndio msemo wetu sisi, hatuna haja ya tembo wa watu, kombe tunalo, tumefunika, ila wahenga hawakutuambia kwamba mwanaharamu anaweza asipite, anaweza akakaa, akazibua mfereji, akamsugua mama miguu kwa mafuta kila jioni hadi akalala, na mama akaanza kula, anakula, jamani, anaomba aongezewe, mashavu yamerudi, juzi aliimba. Nani atasimama hapa na futi amwambie mama anayeimba. Na huyu mwenyewe ni wa nani, hilo nalo, kuna mahali mwanamke amekaa kwenye kiti kama hiki anasikiliza mlango, kuna dada yake anaambiwa sema, alitoka wapi, alimfanya nini kaka, alimkuta wapi hadi akajua kuulizia mama fundi, au hakumkuta popote, alikuwa anatafuta tu mtu wa kumshonea suruali, ndiyo, mbona sijawahi kufikiria hilo, mtu aliyekuja kushonesha suruali, akaambiwa umerudi.

"Mwanangu." Mama hainui sauti. "Kushoto."

Namwona shemeji anasogea mbele kwenye kochi. Nasogeza mkono, nateleza futi kutoka shingoni kwenda kushoto, kitambaa cha fulana kina joto, chini yake nyama inaruka kidogo, anaogopa, kumbe naye anaogopa, naona jasho limejipanga nyuma ya masikio yale ambayo hayazeeki, na nishaamua, nitasema, potelea mbali, nitasema sawa, mabega ni sawa, neno moja tu dogo la kazini, mdogo wangu hataelewa, shemeji hataelewa, mama ataelewa, maana atalazimika kurudia, na kwa mdomo wake mwenyewe atasema sawa, na hapohapo tembo atakuwa ametajwa, atoke, aende zake, tupate hewa, naweka kidole changu cha shahada pale kwenye ncha ya mfupa, nafungua mdomo… na bega linashuka.

Linashuka chini ya kidole changu. Polepole, bila kishindo, kama mtu anayeshusha pazia mgonjwa asiamke, linashuka, linazidi kidogo, linasita, linapanda unywele, linatulia. Kidole kimoja. Kidole kimoja kamili chini ya lenzake, cha shahada, si changu, changu ni chembamba, cha mama. Mbele yangu shingo haigeuki. Sebule nzima hakuna aliyeona, ni mimi na yeye, na pumzi ile nzito pale kivulini imekatika, kama nayo imeona. Nani alimwambia. Mimi sijasema, hata usingizini, sijawahi kumwambia mtu. Kaka? Kaka angekufa kwanza… Nani alimwambia, tulikuwa watatu, toa mimi, toa kaka, na hapo akili yangu inafika mlangoni tena, kwenye ile mikono, na safari hii haigeuki, kwa sababu nimekumbuka siku niliyosahau mkasi mkubwa, nikarudi nyumbani saa za mchana ambazo huwa sirudi, nikasimama uani, dirisha la mama liko wazi, nikasikia sauti ya mama, ya chini, inasema kitu kifupi, inanyamaza, na sauti ya huyu inasema kitu kilekile, kisha mama tena, kifupi, kisha huyu, kilekile, nikasema moyoni afadhali, wanasali, nikachukua mkasi nikaondoka kwa ncha za vidole nisiwakatishe sala.

Haikuwa sala. Mama alikuwa anataja, na yeye alikuwa anarudia. Msumari uko nyuma ya mlango. Kigae cha pili, kiruke. Mdogo wako ulimwita Kifungo, alimeza kifungo cha koti. Unapopimwa, shusha la kushoto, kidole kimoja, hivi, lete nikushike, hivi. Mama alijua. Mama alijua pale pale mlangoni, kabla ya kusema neno, mikono ile iliyoshona mtaa mzima ikae juu ya mabega yaliyonyooka isijue, mimi ndiye mpumbavu, alijua, na muda ule wote alipoiacha mikono yake pale jua likiwaka hakuwa anapapasa ni nani, alikuwa anaamua, na alipoamua akataja, umerudi, na huyu, sijui kwa njaa, sijui kwa huruma, sijui kwa kuwa hata yeye hakuna aliyewahi kumwambia hivyo mlangoni, akarudia. Na sisi jikoni tunanong'ona tumfichulie mama. Tumfichulie mama! Tembo tunayemzunguka na vikombe vyetu, mama ndiye anayemlisha, kwa kijiko, mchana mchana, tukiwa kazini.

Lakini kwa nini… ninajua kwa nini, acha kujitia hujui. Alikuja dereva mmoja, mwaka uleule ambao kaka aliacha kuleta habari, alikaa kwenye kochi hilohilo alilokalia shemeji, kofia mikononi, akasema lori liliteleza darajani, likaingia mtoni na mzigo wake, watu watatu, wawili walipatikana, akasema pole mama, na mama akasema asante baba kwa kuja, unywe chai, mwanangu hajaonekana, na asiyeonekana hajafa, na tangu siku ile hakuna aliyelitaja, hata mimi, hatukuanua matanga kwa sababu hatukuyatandika, hatukulia, tulikuwa tunasema kaka yuko safari, kaka akirudi, tulikuwa tunapita kando ya ukuta tangu siku ile, siyo tangu huyu aje, meza ilisogea tangu siku ile, sikuona tu kwa sababu sikuwa na msemo. Shemeji alikosea mnyama. Tembo siye huyu, huyu ni mtu tu wa damu na jasho, ana joto mkononi mwangu, anajitahidi bega lisitetemeke. Tembo ni yule asiyekuwepo. Na ninageuza macho, sigeuzi kichwa, macho tu, nyuma ya kiti cha marehemu baba, penye kivuli, penye harufu, na yupo, najua yupo, amesimama na maji yake, shati limemganda mwilini, ile pamba ya begani imeloa na kuvimba na bega limezidi upande wa pili, na hana hasira, kaka yangu mbishi, amesimama tu, anasubiri zamu yake ya kupimwa.

Maana nikisema sawa, mama atarudia sawa, ndiyo kanuni, na likisharudiwa huyu siye, na kama huyu siye basi kaka yuko wapi, patakuwa na swali, na swali lina jibu moja tu, na jibu lina tope. Sio huyu nitakayemfukuza kwa neno langu. Kaka ndiye nitakayemzika, mimi, hapa, kwa futi, mbele ya chai iliyopoa. Na sanda haipimwi mabega, mama alinifundisha hilo pia, siku tuliyomkatia baba, nilipotaka kutaja akanishika mkono, akasema hii acha, hii haina bega. Kwa hiyo ndiyo maana. Anashona ili asikate ile nyingine. Anataka neno moja tu kutoka kwangu, na si kwa sababu hajui, ni kwa sababu hawezi kulibeba peke yake, amelibeba peke yake mchana mchana hadi mikono imechoka, na sasa ananiuliza mara ya tatu, bega la kushoto, na hiyo sio sauti ya mtu anayeuliza kipimo, ninaisikia sasa, ni sauti ya mtu aliyeko upande wa pili wa gunia anasema shika na wewe huko. Nami nampenda kaka. Nami sikumlilia. Na nikishika gunia hili sitamlilia tena, hiyo ndiyo bei yake, Jumamosi picha itatundikwa, watoto wa mdogo wangu watamwita huyu mjomba, na yule mwingine atabaki nyuma ya kiti, na maji yake, atasimama humu hadi mama aondoke, na mama akiondoka nani atamtaja, mimi, nitakuwa mwenyewe, nitakuwa kizee kimoja kinachokata kona sebuleni pasipo na kitu.

Shemeji anakohoa tena. Mdogo wangu amefumba macho. Futi iko palepale, kidole changu kiko palepale, chini yake bega limeanza kuchoka, linatetemeka kama mkono wa mtoto aliyebebeshwa ndoo, lakini halipandi, linashikilia, mtu wa watu, linashikilia.

"Kidole kimoja chini, mama," nasema.

Kwenye kochi shemeji anashusha pumzi, anajiegemeza nyuma, ameshindwa au amepona, sijui, yeye amesikia kipimo tu. "Kidole kimoja chini," mama anarudia, na machozi yanamtoka bila uso kukunjika, na mbele yangu huyu mtu anarudia naye, bila sauti, naona taya lake likitembea, kidole kimoja chini, na mimi nabaki na futi hewani, natega sikio nyuma ya kiti, nangoja kidogo, nangoja kaka abishe, aseme mkikosea nitatembea kama kaa, aseme chochote, na huko harufu ipo, ila hakuna anayerudia.